Namba Isiyotulia

Ujumbe ule ulinikuta nimesimama, kwa sababu mimi chai huinywa nimesimama. Ndivyo nilivyo tangu ujana: kiti kikinishika kidogo tu, miguu inaanza kuuliza tunaondoka lini. Simu ikalia, nikasoma maneno ya kijana wa ukoo ambaye simjui: Mama Asha wa Ujiji ametangulia mbele ya haki, amezikwa jana baada ya adhuhuri, siku ya arobaini mtajulishwa. Hapo nikakaa. Chai ikapoa mezani nikiiangalia tu. Idi iliyopita alinipigia, kama alivyonipigia kila Idi, ingawa alijua fika kwamba mimi ni binti wa Kikatoliki wa Kasulu na sijawahi kufunga Ramadhani hata siku moja. Kabla ya salamu, kabla ya kuulizia watoto, aliuliza lile swali lake: "Namba imetulia?" Nami nikamjibu kama ilivyokuwa kawaida yetu, "Bado, mama, inahangaika." Akacheka kile kicheko chake kinachoishia kwenye kikohozi, akasema, "Basi hangaika nayo, mwana, si ndiyo uliyoisomea?" Watu ninaofanya nao kazi huku mjini wakiniuliza kwa nini nimemaliza maisha yangu kwenye vipimo vya mionzi, huwatajia maprofesa na vyuo. Ni uongo wa heshima. Kilichonifunga kwenye kazi hii ni mwaka mmoja katika nyumba ya mama huyo, na swali hilo, na shingo ya binti yake.

Nilifika Ujiji na shahada ya fizikia mkononi na hasira kifuani. Wenzangu walikuwa wamepata kazi za benki na za kampuni za simu Dar es Salaam. Mimi nikapata barua ya kunirudisha Kigoma, mkoa niliokuwa nimeukimbia kwa mbio, niwe msaidizi wa Dakta Sudi. Dakta Sudi hakuwa daktari wa sindano. Alikuwa mtu wa vipimo, mzaliwa wa Kasingirima, aliyezunguka maabara za nchi za baridi mpaka mvi zikamwota, kisha akarudi nyumbani na masanduku yake na wazo moja. Majirani walimletea watoto wenye homa, akawaelekeza hospitali, mpaka wakachoka wakaanza kumwita daktari wa hewa. Jina hilo lilimpendeza, na wala halikuwa mbali na ukweli. Mionzi ikipita hewani hung'oa chembe ndogo ndogo za umeme. Ukizikusanya kati ya vibamba viwili ukazipima, unaweza kujua mionzi ilikuwa na nguvu kiasi gani, mradi unajua bei, yaani inaigharimu mionzi nguvu kiasi gani kung'oa jozi moja ya chembe hizo. Bei hiyo ndiyo namba yetu. Hospitali inayotibu saratani kwa mionzi, popote ilipo, huegemea namba hiyo na wenzake wachache ili ijue mgonjwa kapewa kiasi gani. Sasa, namba hiyo ilipimwa katika hewa kavu, kwenye vyumba vya baridi, na marekebisho ya unyevu yakafanywa kwa hewa iliyotiwa maji maabara. "Hewa ya ziwa hili," Dakta Sudi aliniambia siku ya kwanza, begi bado liko begani, "hakuna aliyewahi kuiuliza."

Tulipanga kwa Mama Asha kwa sababu ya kuta zake. Ilikuwa moja ya zile nyumba za zamani za Ujiji, kuta za udongo nene kupita urefu wa mkono hadi kiwiko, mlango wa nakshi uliopasuka katikati, ua ndani, na upande wa nyuma chumba ambacho marehemu mumewe alihifadhia madumu ya mawese. Jua likiunguza mabati ya mtaa mzima, joto la chumba kile lilikaa palepale, na kipimo hupenda hivyo. Kifaa chetu tulikiita chemba. Kilikuwa kidogo, kinaenea kwenye bakuli la uji, vibamba viwili na hewa katikati, na kilikuwa wazi kikipumua hewa ya chumba, kama vinavyopumua vifaa vingi vya hospitali. Mbele yake, ndani ya kisanduku cha madini ya risasi chenye lakiri ya serikali, palikuwa na chanzo chetu kidogo cha mionzi. Umeme wa mji ulikuwa wa kukatika, kwa hiyo mashine ya kusomea tuliilisha kwa betri za gari. Kazi yangu ilikuwa kusoma joto, unyevu na mgandamizo wa hewa, kusoma sindano ya mashine ile, kusubiri, kisha kusoma tena. Kusubiri ndiko kulikoniua. Nilizunguka ua ule mpaka kuku wakaacha kunikimbia, na boti za mizigo zikiwasha injini ufukweni kuelekea Kongo, mwili wangu wote ulitaka kuzifuata bila kujua ningekwenda kufanya nini huko.

"Weye mwana una funza miguuni?" Mama Asha alinipigia kelele kutoka jikoni. "Kaa chini ule."

Tulikula ukumbini kwenye mkeka, sinia moja. Ugali wa muhogo, migebuka ya ziwani, samaki wa kubanika walioungwa mawese mapya mpaka vidole vikawa vya rangi ya machungwa, na sombe la majani ya muhogo lililotwangwa asubuhi. Dakta Sudi alikuwa na tabia ya kukata tonge, kulichovya, kisha kuanza kueleza jambo huku tonge likidondoka mchuzi juu ya kanzu yake, na Mama Asha alikuwa akimsukuma mkono kuelekea mdomoni kama mtoto. Alimwita Dakta mbele ya wageni, lakini alikuwa amemjua tangu anatambaa. Mimi nilikuwa nikila haraka ili niinuke, na kila siku nilikuwa nikiambiwa niketi tena, maana Asha alikuwa hajarudi na yeye ndiye mwenye habari za mjini.

Asha alinizidi umri kidogo. Alikuwa mfanyabiashara wa dagaa. Alfajiri yuko Katonga kupokea mitumbwi, mchana anaanika, na mzigo ukikauka unapanda treni kwenda Dar. Alikuwa na mdomo. "Mwenzangu," aliniambia juma la kwanza, "umesoma miaka yote hiyo uje upime hewa? Hewa ya bure?" Nilimpenda papo hapo, jambo ambalo si kawaida yangu. Alikuwa ameanza kukaza mtandio shingoni hata kwenye joto, na siku moja alipoulegeza ajipepee nikaona sababu: uvimbe chini ya sikio, mgumu, hauumi, unakua. Hospitali ya mjini ilikuwa imekata kipande kidogo cha uvimbe ikakipima, majibu yakaja kwamba ni saratani, na akaandikiwa rufaa kwenda Dar kutibiwa kwa mionzi. Alikuwa akisubiri zamu yake. Basi neno hilo moja, mionzi, lilitembea katika nyumba ile likiwa na sura mbili. Chumbani kwetu tulilitaja kwa uchu. Chumbani kwa Mama Asha lilitajwa kwa dua.

Kadiri miezi ilivyokwenda, namba yetu ilianza kutambaa. Mwanzoni ilikuwa karibu na ile ya vitabu, isipokuwa baadhi ya siku, hasa Ijumaa, umeme tuliokusanya ulipungua kidogo na Dakta akasema ni unyevu. Kisha siku za upungufu zikaongezeka, hata ikawa ni kila siku. Chembe zinazong'olewa zinapungua, kwa hiyo bei ya kung'oa jozi moja inapanda, kwa hiyo huenda dunia nzima inaidhania bei hiyo kuwa ndogo kuliko ilivyo. Dakta Sudi akaacha kulala vizuri. Alinifanya nibadilishe betri, nibadilishe nyaya, nihamishe meza, na sindano ikabaki chini. Uso wake ulianza kung'aa kama wa mtu aliyeposa na kukubaliwa.

Siku aliyolisema ilikuwa Ijumaa baada ya swala, pilau iko kwenye sinia. Aliinama kwangu akanong'ona, lakini mnong'ono wa mtu mwenye furaha husikika mtaa wa pili. "Domi, dunia imekosea. Kama sisi tuko sahihi, wagonjwa wanapewa mionzi zaidi ya wanavyoambiwa. Kila mahali. Unaelewa?" Nilielewa. Nikainua macho nikamwona Mama Asha amesimama kwenye pazia na bakuli la kachumbari. Aliliweka bakuli chini taratibu, akarudi jikoni.

Jioni ileile simu ilikuja kwamba zamu ya Asha imefika, anatakiwa Dar juma lijalo. Badala ya vigelegele, Mama Asha alisema, "Haendi." Tulidhani ni nauli, tukadhani ni hofu ya kawaida. Akatuangalia mimi na Dakta kwa zamu. "Nimewasikia kwa masikio yangu. Hamjui kipimo. Kama kipimo hakijulikani, watampimia nini mwanangu? Mchuzi ukiuzidisha chumvi unaumwaga. Shingo ya mtu unaimwaga wapi?" Dakta alijaribu kumweleza juu ya wastani na juu ya tofauti za maabara, na kila alivyoeleza ndivyo alivyoharibu, mpaka Asha mwenyewe akamwambia, "Dakta, tafadhali, kunywa maji." Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Asha alikwenda Katonga na kurudi bila habari za mtu. Mama yake alisali, akafunga, akafukiza ubani asubuhi na jioni kuizunguka nyumba yote. Mimi nilikuwa natembea ua huku na huku nikiwa na hasira na wote: na mama kwa ubishi wake, na Dakta kwa mdomo wake, na namba ile kwa kuchagua juma hilo kuliko majuma yote. Tulikuwa tumebakiwa na siku chache, na treni haimsubiri mtu.

Sasa niseme kuhusu ubani. Ubani kwetu Kasulu ni wa padri. Nilikua nikiunusa kanisani, na katika nyumba ile ya Ujiji niliuona kuwa sehemu ya nyumba, kama harufu ya mawese, kitu ambacho pua inakisalimia mara moja na kukisahau. Kila Alhamisi jioni Mama Asha aliweka makaa kwenye chetezo, akamwaga chembe za ubani, akapita chumba kwa chumba akisoma. Chumba chetu alikuwa amekatazwa kuingia kwa sababu ya lakiri ya serikali, naye alikuwa mtu wa kutii serikali. Asubuhi moja katika siku zile mbaya nilifungua kifuniko cha chemba ili nikague kama unyevu umeshika kwenye vibamba. Nikainamisha uso. Nikanusa kanisa. Nilisimama pale na kifuniko mkononi nikamwona kabisa paroko wetu akizungusha chetezo mbele ya altare. Moshi ni vumbi laini sana. Zile chembe za umeme zinazosafiri hewani zikikutana na vumbi hilo hunasa humo, hazifiki kwenye kibamba, na sindano husoma kidogo. Jambo hili hufundishwa mwaka wa kwanza. Na juu ya kichwa changu, upande wa ua, palikuwa na kidirisha kidogo, kilichowekwa zamani kupitishia hewa ya madumu ya mawese.

Nilitoka mbio nikamkuta Mama Asha anapepea makaa. "Mama, chumba chetu hukifukizi, sivyo?"

"Ningeingilia wapi, mmenikataza." Akaonyesha kwa kidevu. "Nasimama pale kwenye kidirisha, moshi unaingia wenyewe. Mwanangu anakwenda kwenye mashine kama hiyo. Nikiiacha hiyo yenu bila kinga nitakuwa mama wa aina gani?"

Nilicheka. Sikuweza kujizuia, nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye vumbi la ua, na yeye akadhani nimeingiwa na kitu. Kila alipoogopa aliongeza ubani, na kila alipoongeza ubani namba yetu ilizidi kupotea, na kila ilivyopotea Dakta alizidi kufurahi kwa sauti, na yeye akazidi kuogopa. Nilimkimbilia Dakta. Hakuniamini. Tukafungua chumba kipumue mpaka harufu ikaisha, tukasoma, sindano ikapanda. Nikaleta chetezo hadi kwenye kidirisha, sindano ikashuka tukiiangalia. Nikakiondoa, baada ya muda ikapanda tena. Dakta Sudi aliangalia jambo hilo likitokea mara kadhaa, kisha akavua miwani akaifuta kwenye kanzu kwa muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji. Kazi yake ya miezi yote ile ilikuwa imepanda na moshi ule. Namba ilirudi ikasimama karibu kabisa na ile ya vitabu.

"Mwambie wewe," alisema. "Mimi nitaharibu."

Nilimwambia Mama Asha mchana ule, mbele ya sinia, Asha akiwepo. Nilimweleza polepole, kwa lugha ya moshi na vumbi, kwamba dunia haikuwa imekosea, ila ubani wake ndio uliotudanganya. Nilitegemea aone haya au akasirike. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwa hiyo ile ya Dar ni sahihi."

Nilikuwa nimefungua mdomo niseme ndiyo. Alinizuia kwa mkono, akainuka, akarudi na msahafu uliofungwa kwenye kitambaa cha kijani. Akauweka kwenye mto mbele ya Dakta Sudi. "Sudi," akasema, na lile neno Dakta likawa limekwisha. "Nimekujua unatambaa kule Kasingirima. Nenda ukatawadhe, uje uniapie kwamba namba wanayotumia Dar ni sahihi. Ukiapa, Asha anaondoka na treni. Nimemaliza."

Dakta alikwenda kutawadha. Nilisikia maji yakimwagika, nikamsikia Asha akipumua. Nilikuwa nimeshafunga safari kichwani, najua nani atabeba begi na nani atampeleka stesheni. Alirudi mikono ikidondoka maji, akaketi, akaweka kiganja juu ya kitambaa kile. Kisha akasema, "Siwezi."

Mungu anisamehe, nilitaka kumpiga. Neno moja tu! Neno moja, tena karibu kweli kabisa, na mtu anapona. Mama Asha alifumba macho. Lakini Dakta alikuwa hajamaliza. Kwa mkono wa kushoto alivuta sinia la wali katikati ya mkeka. "Siwezi kuapa kwamba ni sahihi, mama, kwa sababu hakuna aliyewahi kuifikia ile sahihi yenyewe, si mimi, si Wazungu. Lakini tazama. Huu wali wote tuseme ni dawa atakayopewa Asha." Akachota punje chache kwa ncha za vidole, akaziweka juu ya mkeka. "Kosa la namba yetu halizidi hizi. Huenda akapewa zaidi kwa hizi. Huenda akapewa pungufu kwa hizi. Kupita hapa, hapana. Hilo naapa. Wallahi, billahi, tallahi."

Mama Asha alizitazama punje zile. Alizitazama muda ambao mimi, nisiyeweza kukaa, nilikaa. "Umesoma mpaka ukaota mvi, Sudi," akasema mwishowe, "ukarudi kuniapia kosa?"

"Ndilo ninalolijua kwa hakika, mama."

Asha akacheka kwa pua. Alikuwa hajasema kitu siku zote zile. "Mama, kule Katonga umewahi kuona debe lisilobonyea? Yote yamebonyea, na biashara tunafanya, kwa sababu kila mtu anajua la nani limebonyea wapi, na nyongeza anaidai. Mwizi ni yule anayekuapia debe lake halijabonyea. Angekuapia hivyo huyu, mimi nisingeondoka." Kisha akanyoosha mkono, akaokota zile punje za Dakta kwenye mkeka, akazila. "Naenda," akasema.

Waliondoka wote wawili, mama na binti. Stesheni, kabla ya kupanda, Mama Asha alinikabidhi chetezo kilichofungwa kwenye kanga. "Kiweke mbali na mashine yenu," akaniambia. "Huko nitamfukizia kwa mdomo tu." Nilirudi nacho Ujiji nikakiweka kabatini, na nyumba ikawa haina harufu. Tulipima miezi iliyobaki katika hewa safi ya ziwa. Namba ikakaa palepale penye vitabu, ndani ya kosa lake, haitikisiki, na Dakta Sudi akaandika taarifa fupi kusema kwamba hewa ya ziwa imeulizwa na imejibu kama nyingine. Siku aliyoituma nilimkuta ameketi uani kwenye kigoda cha kukunia nazi. "Maisha yangu yote, Domi, nimetaka dunia iwe imekosea mahali fulani, na mimi niwe nimepaona," alisema. "Sasa kila nikiswali naomba iwe sahihi." Alikuwa akilia na hakujificha. Nilikaa naye chini, kwenye udongo. Nadhani siku hiyo ndipo niliposhikwa na kazi hii, maana kabla ya hapo nilikuwa nahesabu tu siku za kuondoka.

Asha alirudi kabla mwaka haujaisha. Alikuwa amekonda, ngozi ya shingo imeungua ikawa nyeusi tii, mate yamemkauka kinywani, hamezi ila uji mwepesi. Uvimbe haukuwepo. Madaktari walikuwa wamesema tusubiri tuone, na mimi neno hilo nalijua lilivyo. Mkataba wangu ukaisha tukiwa bado tunasubiri. Nilipanda treni niliyokuwa nimeiota mwaka mzima, na ilipoanza kutembea nilisimama dirishani nikilia kwa hasira, maana ndipo tu nilipokuwa nimezoea kuketi.

Kwenye arobaini ya Mama Asha nilichelewa, kisomo kilikuwa kimeshaanza. Nilipewa nafasi kwenye mkeka uani pamoja na wanawake wenzangu. Ua ni uleule, kuku ni wengine. Dakta Sudi naye alishatangulia, miaka sasa, na kile chumba cha nyuma kimerudi kuwa cha mawese. Walipomaliza dua ikaletwa pilau, na aliyekuja kuketi mbele yangu kwenye sinia alikuwa mwanamke mnene, mwenye miwani, mtandio umelegea, shingo nyeusi upande mmoja, na chupa ya maji mkononi, kwa sababu mate yake hayakuwahi kurudi na hali kitu bila kunywa.

"Shikamoo, daktari wa hewa," Asha akasema.

"Nikupe shikamoo mimi, wewe ndiye mkubwa."

Tulishikana mikono, hatukuiachia. Tulimlilia mama yake kidogo, tukamcheka kidogo. Kisha akanitazama kwa yale macho ya Katonga, akauliza, kwa sauti ambayo si yake, "Namba imetulia?"

Nilikuwa nimeibeba habari hiyo nimweleze marehemu uso kwa uso. Nikamweleza binti. Kwamba wataalamu wa dunia walikaa tena miaka ya karibuni, wakaziangalia upya namba zile zinazobeba vipimo vyetu, zikasogezwa kidogo. Kwamba ukipiga hesabu yake kwa namba za leo, huenda mwaka ule alipewa pungufu ya kilichoandikwa kwenye karatasi zake.

"Pungufu kiasi gani?"

Nikachota wali kwa ncha za vidole, nikaweka punje juu ya mkeka kati yetu. Aliinama akazitazama, akasogeza miwani.

"Hizi zimo ndani ya zile za Sudi?"

"Zimo. Na nafasi imebaki."

Mtu mmoja alikuwa akipita na kile chetezo cha zamani, moshi ukazunguka ua, ukapita juu ya vichwa vyetu kuelekea kwenye kidirisha cha nyuma, na hakuna aliyeuzuia. Asha akafungua chupa, akanywa funda moja kulainisha kinywa. Kisha akaziokota zile punje zote mpaka ya mwisho.

"Basi hizi zilikuwa zimebaki zangu," akasema, akazila.